Sauti Kutoka Upande wa Wauguzi

Katika idara ya upasuaji wa mifupa kulikuwa na vyumba viwili vya kubadilishia nguo, vimepakana ukuta kwa ukuta. Mlango wa kwanza uliandikwa MADAKTARI, wa pili WAUGUZI. Aliyeyaandika maneno hayo hakuwahi kuota kwamba siku moja daktari wa mifupa angekuja amevaa gauni. Basi alipokuja, akaonyeshwa mlango wa pili, akaingia, akatundika gauni lake msumarini, na kazi ikaendelea.

Walimwita Kijiti. Jina hilo alipewa siku ya kwanza kwa sababu ya wembamba wake, naye alilipokea kwa kicheko, maana alijua jina la utani ukilikasirikia ndipo linapoganda. Likaganda vilevile. Alikuwa bingwa wa mifupa, tena alikwenda mbali na kwao kusomea nyonga: namna ya kuiondoa iliyochakaa na kuweka ya bandia, mtu aliyekuwa akitembelea magongo akarudi kutembea kwa miguu yake. Alirudi na hamu kama ya mtu aliyeshonewa nguo mpya akawa anangoja harusi. Harusi haikuja. Alipewa watoto waliovunjika viwiko. Alipewa vidole. Alipewa plasta, za kufunga na za kufungua. Nyonga zilipokuja zilikwenda kwa Mkuu wa idara, na Mkuu akibanwa, zilikwenda kwa Jabali.

Jabali alikuwa daktari mwenzake, pande la mtu, mabega kama kabati, sauti inayotangulia kufika kabla yake. Hakuwa mtu mbaya. Ukipatwa na shida ndiye wa kwanza kukuuliza umekula nini. Ila aliamini kwamba Mungu alipoumba mfupa wa paja, alimwumba na mwanamume wa kuupiga nyundo.

Hakuna aliyewahi kumkataza Kijiti kufanya nyonga, na hapo ndipo palipouma. Angekatazwa, angepata mtu wa kugombana naye. Yeye alikuwa akiambiwa "tutaangalia," kwa tabasamu, kisha asubuhi akitoka kubadilisha nguo anakuta kazi zimeshagawanywa. Zilikuwa zikigawanywa kule kwenye mlango wa kwanza, watu wakivua viatu na kuvaa suruali za kijani. Nani atafanya nini, nani atamsaidia nani, yote yalimalizwa humo baina ya soksi na soksi.

Jumapili moja alimsimulia mama mkwe wake mkasa huo mezani. Mama mkwe alikuwa mjane mwenye maneno yake, aliyekuja kuwasalimu kwa wiki moja na sasa alikuwa na chumba chake. Alimsikiliza mkwewe mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

"Ngoja nielewe, mwanangu. Kazi za hospitali nzima zinagawanywa na wanaume ambao hawajavaa suruali?"

Mume wa Kijiti, mwalimu wa hesabu, mtu mpole, alipaliwa na maji.

"Si hospitali nzima, Mama. Idara yetu tu."

"Na wewe saa hizo uko wapi?"

"Upande wa pili wa ukuta. Nafunga kamba za suruali yangu."

"Unawasikia?"

"Kila neno. Ule ukuta haufiki darini, juu wameacha nafasi ya kupitisha hewa."

"Na wao wakikusikia, watakufa?"

Kijiti alicheka. Mume naye alicheka, akikohoa. Lakini mama mkwe hakucheka, alikuwa amemkazia macho kama mtu aliyeuliza swali na anangoja jibu lake. Na lile swali likaingia, likakaa.

Asubuhi yake Kijiti alikuwa katika chumba cha wauguzi pamoja na rafiki yake, daktari wa usingizi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha chinichini, aliyezoea kulaza watu na kuwaamsha kama mama wa watoto wengi. Walikuwa wakivaa kofia pale sauti ya Mkuu ilipovuka ukuta.

"Kesho kuna nyonga ya Kocha. Mimi nina kikao cha wakuu wa idara asubuhi nzima. Jabali, utaichukua?"

"Nitaichukua, Mkuu. Ila lile paja! Lile si paja, ile ni nguzo ya daraja. Itabidi nile mara mbili."

Upande wa pili wakaangua kicheko. Alimtazama rafiki yake. Rafiki yake akatazama benchi lililokuwa chini ya ukuta, kisha akamtazama yeye.

Kijiti akapanda benchi. Benchi likayumba. Daktari wa usingizi akamdaka kifundo cha mguu, akakishika imara.

"Mkuu, shikamoo!"

Kicheko kilikatika kama redio iliyozimwa.

"Marahaba," Mkuu aliitikia, kwa mazoea tu, kisha akashtuka. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Kijiti. Niko upande wa wauguzi. Siwaangalii, Mkuu, natazama dari. Naomba nyonga ya Kocha niifanye mimi."

Kitu kizito kilianguka. Mlango wa kabati ulijibamiza. Kiatu kikabiringika mahali.

"Subiri kwanza tuvae!" Jabali alinguruma.

"Vaeni tu. Mimi maneno yangu ndiyo hayo."

Aliposhuka, wauguzi wawili waliokuwa mlangoni walikuwa wameziba midomo kwa mikono, machozi yanawatoka. Daktari wa usingizi alikuwa ameketi sakafuni, hoi. Kijiti mwenyewe hakujua kama anataka kucheka au kukimbia. Damu ilikuwa ikimchemka mwilini, masikio yamepata moto, na kwa mara ya kwanza tangu arudi masomoni alijiona yuko macho kabisa.

Walikutana kwenye korido, mbele ya masinki ya kunawia. Mkuu alikuwa amevaa shati la kijani ndani nje, mshono hadharani, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alikuwa mtu wa makamo, mpenda haki, asiyependa makelele.

"Binti yangu," alisema, "kwa nini hukuja ofisini ukaniambia kama watu wazima?"

"Nimekuja, Mkuu. Si mara moja. Ukaniambia tutaangalia. Kisha mnakwenda kuangalia humo ndani, na humo ndani mimi siingii."

Mkuu aligeuka akautazama ule mlango. Aliutazama kwa muda, kama mtu anayesoma bango la dukani alilolipita kila siku. Midomo yake ilisogea: ma-da-kta-ri.

"Tuseme ukweli," Jabali akaingilia. "Simdharau mtu hapa. Lakini nyonga ni kazi ya nguvu. Na huyu Kocha ni mzigo."

"Mfupa haupigwi mieleka, Jabali," Kijiti alisema. "Ungekuwa wa mieleka, tungeajiri wabeba mizigo."

"Huko ulikosomea ulizifanya mwenyewe?" Mkuu aliuliza.

"Kwa mikono yangu hii. Mwalimu wangu akiwa pembeni, mwishoni hata glavu alikuwa havai."

Mkuu alivuta pumzi. Kijiti aliona anapima, na moyo wake ukawa unapima pamoja naye. Kama angesema "tutaangalia" tena, hakujua angefanya nini. Pengine angepanda benchi kila asubuhi mpaka astaafu.

"Basi kesho Kijiti ndiye mpasuaji," Mkuu alisema. "Jabali atamsaidia."

"Mimi? Nimsaidie?"

"Yeye amekusaidia mara ngapi?"

Jabali alianza kuhesabu kwa vidole, vidole vikamwishia. Hilo lilikuwa jibu tosha.

Alasiri Kijiti alikwenda wodini. Kocha alikuwa amelala chali, magongo yameegemezwa ukutani, mwili wake umejaza kitanda hata shuka lilikosa pa kuning'inia. Alikuwa amefundisha mpira wa miguu maisha yake yote, na sasa mguu wenyewe ndio uliomsaliti. Nyonga ilikuwa imekauka, imekaza, hata kuvaa soksi alihitaji mtu. Kijiti alijitambulisha, akamweleza kila kitu kitakachofanyika, na kwamba atakayekifanya ni yeye.

Kocha alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Safari yenyewe haikuwa ndefu.

"Wewe, mwanangu? Mimi ni mzito."

"Sikubebi, baba. Nakufungua."

Kocha alicheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu. Kisha akawa mtu mzima mwenye hofu, kama wote wanavyokuwa usiku mmoja kabla ya kisu.

"Mkuu atakuwepo?"

"Atakuwa kikaoni, jengo la pili. Jabali atakuwa mkono wa kushoto kwangu. Ukitaka Mkuu akufanyie mwenyewe, sema, hakuna atakayekasirika, tutakupangia siku nyingine."

"Na wewe? Hutakasirika?"

Kijiti alifikiri kudanganya, akaona aibu. "Nitakasirika sana. Lakini nje ya chumba hiki."

Mzee akatabasamu. "Mchezaji asiyetaka mpira simpangi. Njoo kesho."

Usingizi wa usiku ule haukuwa na maana. Mume alimwambia alikuwa akichezesha vidole kitandani kama mpiga kinanda. Mama mkwe alimpigia kigelegele mlangoni alfajiri, majirani wakafungua madirisha wakidhani kuna mtu ameolewa.

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi na cheupe. Kocha alishapewa usingizi, amelazwa ubavu na kufungwa vizuri, ngozi ya paja imepakwa dawa ya kahawia. Jabali alikuwa tayari amesimama, amevaa gauni la upasuaji na glavu. Meza ya upasuaji ilikuwa imeinuliwa kama siku zote, hadi usawa wa kitovu cha Jabali, ambao kwa Kijiti ulikuwa usawa wa kifua. Miaka yote alikuwa akipandia kigoda. Muuguzi wa chumba alishakisogeza kigoda kwa mguu, kwa mazoea.

"Leo kigoda hapana," Kijiti alisema. "Meza ishuke."

Meza ikashuka ikinguruma taratibu. Jabali akashuka nayo, akikunja mgongo kidogo kidogo, mpaka akawa kama mtu anayechungulia kisimani.

"Mgongo wangu, jamani," alilalamika ndani ya barakoa.

"Pole, ndugu yangu. Kigoda utakikalia."

Chumba kizima kilicheka, na Jabali naye, apende asipende. Kijiti akanyoosha mkono. Kisu kikatua kiganjani.

Mwanzo ulikwenda kama maji mteremkoni. Ngozi, mafuta, msuli. Kila tabaka likajitenga mahali alipolitarajia, na mikono yake ilikuwa ikikumbuka yenyewe. Kisha wakaifikia nyonga, na hapo kazi ikagoma. Kwa kawaida unauzungusha mguu na kichwa cha mfupa wa paja kinachomoka kwenye kikombe chake. Hiki hakikuchomoka. Mfupa ulikuwa umeota pembeni pote, umekikumbatia kichwa kama ngumi iliyoshika yai.

"Niachie mimi," Jabali alisema, akiushika mguu. "Nitauzungusha. Utatoka tu."

"Usizungushe."

"Kijiti, nguvu kidogo tu..."

"Jabali, mguu wa mzee huyu haujatumika siku nyingi, mfupa umedhoofika. Ukiuzungusha utavunja paja, na hapo hatutakuwa na nyonga ya kuweka, tutakuwa na msiba. Achia mguu, tafadhali."

Mashine ya mapigo ya moyo peke yake ndiyo iliyoendelea kulia. Daktari wa usingizi aliinua macho juu ya pazia, akatazama. Mikono mikubwa ya Jabali ilikuwa bado imeushika mguu. Kwa pumzi mbili hivi hakuna aliyejua itakuwaje. Kisha akauachia.

"Sasa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Tunaukata shingo hapo hapo ulipo. Kichwa tutakitoa baadaye, taratibu. Msumeno."

Msumeno ukaunguruma. Alikata shingo ya mfupa pole pole, mara mbili, akatoa kipande chembamba kama kipande cha mkate, na mguu ukalegea. Baada ya hapo akakirudia kile kichwa kilichong'ang'ania. Patasi ndogo hapa, kizibuo pale, akiviondoa vile vipembe vilivyoota, bila haraka, akiongea peke yake kwa sauti ndogo: njoo, njoo baba, usiogope. Jabali alishika ndoano, akauvuta msuli pembeni sawasawa na alivyoambiwa, shingo imepinda, jasho linamlowesha kofia.

"Kinacheza," Jabali alinong'ona. "Kijiti, kinacheza!"

"Nakiona."

Kikatoka. Kikatoka kwa mlio wa mnyonyo, kikubwa kama chungwa, kimeparuzika na kukauka kama mawe ya barabarani, na muuguzi alipokipokea kwenye bakuli kililia kong! Jabali alipiga ukelele wa furaha kama mtazamaji uwanjani.

"Aisee! Aisee, dada!"

Kuanzia hapo chumba kilichangamka. Kijiti alikisafisha kikombe cha nyonga mpaka mfupa ukatoa vitone vya damu safi, akagongomea kikombe kipya. Kisha akaingia kwenye mfupa wa paja, akitia vyuma vya kupimia, kimoja kikubwa kuliko chenzake, na kwa kila kimoja akipiga nyundo. Jabali alitega sikio. Mlio ulikuwa mzito, du, du, du, halafu ukabadilika, ukawa mwembamba na mkali, ting! Chuma kimekaa.

"Umesikia?" Kijiti alisema.

"Nimesikia. Mimi huwa napiga tena mara mbili, kuhakikisha."

"Ukipiga tena unapasua."

"Basi ndiyo maana," Jabali alisema polepole, kama mtu aliyekumbuka paja lililowahi kumpasukia.

Waliporudisha nyonga mpya mahali pake, Kijiti alikunja goti la Kocha, akalizungusha ndani, akalizungusha nje. Laini kama mlango uliotiwa mafuta. Akapima miguu; ililingana. Alitaka kuruka. Alitaka kumkumbatia kila mtu chumbani, pamoja na mashine. Akasema tu, "Uzi, tafadhali," lakini macho yake juu ya barakoa yalikuwa yamejaa maji, na daktari wa usingizi, aliyemjua, akaanza kuimba chini chini.

Mkuu aliingia wakati wa mishono ya mwisho, ameshikilia barakoa usoni kwa mkono, kumbe kikao chake amekitoroka. Alitazama kidonda. Alitazama picha ya eksirei waliyopiga pale pale mezani. Akamgeukia Jabali, ambaye alikuwa akijinyoosha mgongo kwa milio.

"Imekuwaje?"

Jabali angeweza kusema neno moja tu, "salama," na likatosha.

"Mkuu, ingekuwa mimi ningelivunja lile paja," alisema. "Nilikuwa nimeshaushika mguu. Ni huyu aliyenizuia. Na meza nayo iangaliwe, imewekwa kwa ajili ya twiga."

Mkuu akakisogelea kidonda tena, akainama, akakaa hapo kitambo kirefu kuliko kinavyohitajika kutazama mishono. Kisha akamwambia Kijiti, bila kumtazama, "Nilikuwa nikimpa kazi aliyekuwa karibu yangu. Sikuwahi kujiuliza nani hayupo karibu, na kwa nini." Akatoka kabla hajajibiwa.

Kesho yake, Jumatano, Kocha alisimama. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa kulia, Kijiti kushoto, na fremu ya kutembelea mbele. Mzee alitangulia kukunja uso akingojea maumivu aliyoyazoea. Akakanyaga. Akangoja. Akakanyaga tena.

"Yako wapi?" aliuliza, akitazama chini kama aliyedondosha kitu.

"Nini, baba?"

"Yale maumivu ya zamani! Nasikia kidonda tu. Yale yenyewe yako wapi?" Akavuta hatua, na nyingine, mpaka dirishani, akapaza sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya mbali wakainua vichwa. "Huyu hapa! Huyu hapa ndiye aliyenifungua! Mtazameni vizuri, maana ni mwembamba, mtampoteza!"

Wodi nzima ikapiga makofi. Kijiti alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo ya kitanda.

Simu ilimlilia mfukoni. Alikuwa daktari wa usingizi, anapumua kama aliyekimbia ngazi. "Uko wapi wewe? Njoo chumba cha mikutano, sasa hivi. Mkuu amesema kuanzia leo kazi zinagawanywa huku, watu wote wakiwa wamekaa na wamevaa. Viti havitoshi, wauguzi wamejaa, Jabali amesimama ukutani. Kuna nyonga mbili za wiki ijayo, na kuna daktari binti anayejifunza idara ya watoto, amekuja kuuliza kama mifupa bado wanapokea watu."

"Mwambie wanapokea!" Kijiti alisema, na tayari alikuwa akitembea haraka kwenye korido, mkia wa koti lake jeupe unapepea nyuma. "Mwambie akae mbele. Na hizo nyonga, moja ni yangu, wasianze bila mimi!"

"Hawataanza," rafiki yake alisema. "Mkuu ameshauliza mara mbili uko wapi."